Mwisho wa Picha Niliompa Dada

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine mtakaoshika karatasi hizi, kaeni chini msome taratibu. Mmezoea kusema Bibi hapendi katuni. Mnawasha televisheni, nainuka naondoka, mnanicheka nyuma ya mgongo wangu kwamba Bibi anaogopa paka wa kuchorwa. Nimewasikia. Masikio yangu ni mazima. Sikuwajibu kwa sababu jibu lile halikuwa langu peke yangu, tulikuwa nalo wawili, na mwenzangu alikuwa hai. Sasa dada yangu Nyabise tumemzika, udongo wake haujakauka, na jibu limebaki kwangu. Nitaandika mwaka mmoja tu. Habari za babu zetu, na nani alimzaa nani, mtaulizana wenyewe. Mimi nataka mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na sita, nikiishi kwa dada, mtaa wa Mabatini, Mwanza, mwaka tulioenda mjini kuangalia picha.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita na kaya sita, choo kimoja nyuma, na uani mafiga yetu yalikaa karibu karibu kiasi kwamba ukigeuza mwiko vibaya unakoroga sufuria ya mwenzio. Chumba cha dada kilikuwa cha mwisho mkono wa kulia. Kitanda chake na mtoto, mkeka wangu, ndoo mbili, na gunia la dagaa wakavu aliokuwa anauza mafungu barazani. Harufu ya dagaa ilikuwa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye Biblia. Ninyi siku hizi mnapulizia manukato mpaka chooni. Sisi tulilala na dagaa na hatukufa. Mwaka ule chakula kilikuwa ugali wa unga wa njano, tuliuita yanga, tunaupangia foleni kwenye duka la ushirika, na ukishaupika unanukia gunia. Jumapili dada akipata sato alimpika na nyanya, akatugawia katikati na mkia. Kichwa hakuna aliyekigusa. Kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba, yaani mume. Kilikaa kwenye sufuria kinatutazama, asubuhi dada akakitupia paka, na mimi nikameza mate.

Mwenye nyumba alikuwa shemeji yangu Bwire, naye alikuwa ziwani. Alikuwa mpiga kasia kwenye mtumbwi mkubwa uliokuwa ukileta kuni kutoka Ukerewe. Miezi minne kabla ya hapo upepo uliupindua wakiwa wanne ndani. Wawili waliogelea wakafika, mmoja alikutwa amekufa kwenye matete siku ya tatu, Bwire hakukutwa. Kwetu, mwambao wa Majita, mtu akimezwa na ziwa asionekane haachwi hivyo. Wanakata shina la mgomba lenye urefu wake, wanalivika shuka, wanaliita kwa jina lake, wanalilaza kaburini na kulilia kama mtu. Hapo ndipo mke anaitwa mjane, watoto wananyolewa, na marehemu anapata mahali pake. Bila hivyo yeye si wa juu wala wa chini, na mke wake hajulikani ni mke au ni mjane. Dada alikuwa amekaa hapo katikati, na Maningu, mtoto wao wa pekee, mgongoni, hajaanza hata kusimama dede.

Maneno ya bombani niliyasikia mimi, kwa kuwa mbeba ndoo nilikuwa mimi. “Mwanamume anayeogelea tangu utoto, azame yeye?” “Na wenzake wamepona.” “Yule kavukia upande wa Kenya, nakwambia. Kuna mwanamke Kisumu anampikia sasa hivi.” “Na hicho kichwa cha samaki anawekewa nani?” Wakacheka. Nilijitwisha ndoo nikapita katikati yao makusudi, maji yakawamwagikia miguuni. Lakini nilipofika uani nilimkuta dada amesimama nyuma ya mlango wetu, ameshika komeo. Bomba lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Hakuniuliza walisema nini. Alisema, “Weka ndoo, uje umshike mtoto,” akaenda kupanga dagaa wake, fungu kwa fungu, akayapanga tena, akayapanga tena.

Ndipo akaja Mzee Magesa, baba mkubwa wa Bwire. Alifika kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa koti zito kwenye jua. Kiti hatukuwa nacho, akakaa juu ya gunia la dagaa kana kwamba ni kiti cha baraza. Tukapiga magoti. “Shikamoo baba.” “Marahaba, wanangu. Marahaba.” Akanywa uji wote, akafuta kikombe kwa kidole, halafu akasema, “Nyabise, sikuja kukulazimisha. Nimekuja kwa sababu tunahama. Wote tunahamia kijiji cha ujamaa, kule juu barabarani, majina yameshaandikwa. Migomba tunaiacha. Makaburi tunayaacha. Tukishaondoka pale patakuwa pori, nani atarudi kuchimba? Nataka kijana wetu alale na babu zake kabla hatujafunga mizigo.”

“Lini, baba?”

“Nitakuja kuwachukua Alhamisi, siyo hii, ile ya pili yake. Jumamosi tunazika.”

“Na kama yuko hai?”

Mzee aliangalia ndani ya kikombe. “Kama yuko hai, atakuja atukute tumemzika, tutacheka naye, tutamchinjia mbuzi. Kama hayuko hai na sisi hatukumzika, hakuna atakayecheka, mama.”

“Niachie hizo siku nifikiri.”

“Nimekuachia.”

Basi jambo lilikuwa hilo. Alhamisi ya pili dada alitakiwa kusema ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, Bwire amekufa. Akisema hapana, kiwanja kinaachwa, migomba inaachwa, na hakuna siku nyingine. Nimeliandika waziwazi ili asije mtu akasema tulikuwa watu wa kudanganywa na picha. Tulikuwa na shida ya kweli, na picha ilitukuta ndani yake.

Aliyetupeleka ni Mama Kulwa wa chumba cha kwanza, Msukuma, mama wa mapacha, mnene na mcheshi, sauti yake unaisikia ukiwa mtaa wa pili. Mume wake alikuwa anachana tiketi kwenye jumba la picha mjini, na Jumatano alasiri lilikuwa onyesho la wanawake na watoto. “Dada yako ataozea humu na dagaa wake,” aliniambia. “Mvalishe. Kesho kuna picha ya kuchorwa. Haina watu, haina risasi, haina mapenzi. Haiwezi kumdhuru mtu.” Nakumbuka alivyosema hivyo huku anapepeta mchele wa wagonjwa, yaani ule kidogo unaofichwa kwa ajili ya mgonjwa, na mapacha wamemshika sketi kila upande.

Nilikuwa sijawahi kuingia mle. Viti vilikuwa vya mbao, vya kujikunja, ukiinuka kidogo kinakufuata na kukuminya. Kulinukia karanga na watoto waliolowa. Mapazia mazito yalifungwa, na mchana ule mweupe wa Mwanza, wenye mawe yanayokupigia joto usoni, ukabaki nje. Picha ilitoka nchi ya mbali, nchi rafiki, walisema. Maneno yake hayakuwa Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kihindi. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua linalosemwa, kwa hiyo wanawake wakawa wanajisimulia wenyewe, kama walivyozoea, huyu anaanza, yule anamsahihisha, na Mama Kulwa anawafunika wote.

Lazima niseme kweli: sijaona kitu kizuri kama kile tangu siku ile. Maji yalikuwa yamechorwa tabaka juu ya tabaka, unaona mpaka chini, na kila wimbi lina ukingo wa dhahabu. Samaki walikuwa na taa matumboni. Chini kabisa kulikuwa na mji, nyumba zake za mawe, ngazi ndefu ya mawe inashuka kutoka juu, na watu wanatembea nywele zimesimama kama moshi unaopanda. Katikati alikaa mwanamke ambaye gauni lake lilienea mitaa yote, na ukiangalia vizuri halikuwa kitambaa, ni samaki wadogo maelfu, akigeuka yeye mtaa mzima unageuka. Nilisahau kufunga mdomo. “Huyo ndiye mwenye ziwa!” Mama Kulwa akatangaza. “Umejuaje?” mtu akamuuliza kutoka nyuma. “Si unaona gauni? Anayevaa hivyo ndiye mwenye mji.” “Mbona mke wa mwenyekiti wetu naye anavaa hivyo, ana mji gani?” Jumba zima likacheka, hata dada akacheka. Nilimsikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne, nami nikajiona nimefanya jambo la maana kumvalisha na kumleta.

Kisha mtumbwi ukazama. Hakukuwa na kelele, uliinama tu, na mtu mmoja akaanza kushuka ile ngazi, polepole, kasia begani. Bega la kushoto, ubapa mbele. Bwire alibeba hivyo. Bega lake la kulia liliwahi kuvunjika, na kasia alilishika kwa kushoto ubapa ukiwa mbele, watu walimtania kuwa anatembea kama askari aliyekosea. Kucha za dada zikaingia kwenye mkono wangu. “Nyangeta,” alisema, “mwangalie.” Nilimwangalia. Alifanana naye. Au mtu aliyechorwa kwa mistari sita anafanana na yeyote unayemkosa, sijui, nimelifikiria hilo miaka yote na sijafika mwisho wake. Yule mtu akapewa kazi ya kuwasha taa za samaki. Akawa anawasha, anazunguka mji, hazeeki. Halafu siku moja juu kabisa, kwenye ngozi ya maji, uso wa mwanamke ukatokea, mkubwa kama paa, unachungulia. “Mke wake!” wanawake wakasema wote kwa pamoja. Mkono wa mwanamke ukaingia majini. Yeye akaweka taa chini, akaja kwenye ngazi, akapanda moja, akapanda ya pili, akanyoosha mkono. Vidole vilikuwa vimebakiza upana wa kidole kimoja vishikane, na hapo katikati ya picha likatokea doa la kahawia, likavimba, likatoboka, likala mkono wake na uso na maji, kikabaki kitambaa cheupe kitupu na harufu ya kuungua.

Kelele zilizopigwa pale sitaki kuzikumbuka. Kule juu nyuma kulikuwa na kidirisha, fundi wa mashine akatoa kichwa. “Akina mama, tulieni! Kipande kimeungua. Nitaunganisha. Jumatano ijayo mtaona mwisho wake.” “Tuambie tu, alipanda au hakupanda?” Mama Kulwa akapaza sauti. “Sijui, mama. Mimi naangalia mashine, siangalii picha.” Watu wakamzomea, wakacheka, wakatoka. Dada hakuinuka. Alikaa anaangalia kile kitambaa cheupe mpaka mume wa Mama Kulwa akaja kutufungulia mlango.

Tukafika kwenye mawe makubwa karibu na nyumbani. Akasimama. “Nyangeta, usinione mjinga. Najua ni michoro. Kuna mtu alikaa na kalamu akachora. Lakini huyo mtu alijuaje la kasia?” “Nikiona mwisho wake,” akasema, “nitajua la kumjibu Mzee Magesa.” Nilipaswa kumwambia palepale kwamba aliyechora hajawahi kusikia jina la Majita. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu palepale zilipoingia kucha zake, anapasugua kwa kidole gumba, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu mtumbwi upinduke. Nikayameza.

Wiki ile alipika vizuri. Aliimba. Nawaambia hili mjue furaha ya mtu aliyekata tamaa ilivyo mbaya kuiona. Jumatano ikafika, na Maningu akaamka anawaka homa, macho mekundu, anatapika maziwa. Dada alimfunga mgongoni kumpeleka zahanati, akafika mlangoni, akarudi. Alhamisi, siku ya Mzee, ilikuwa kesho yake. Akanishika mabega. “Nenda wewe. Uangalie kwa macho yangu. Ukirudi uniambie ulivyoona. Usiongeze, usipunguze.” Mama Kulwa alikuwa kwenye foleni ya unga, hakwenda. Kwa hiyo katika nyumba nzima aliyeuona mwisho wa picha ile ni mimi peke yangu.

Niliketi kiti kilekile. Vyote vikapita kama mara ya kwanza, samaki wenye taa, gauni, ngazi, lakini sasa sikuona uzuri wake, nilikuwa nasubiri. Uso ukatokea juu. Mkono ukaingia majini. Alipanda ngazi moja, ya pili. Pale palipoungua picha iliruka kidogo, kama mtu aliyekwama neno, ikaendelea. Mikono ikashikana. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga. Halafu yule mtu akautazama ule mkono kwa muda mrefu. Akakifungua kiganja, akaweka ndani yake taa moja ndogo, akavifunga vidole vya mwanamke kimoja kimoja, na akageuka. Hakuna aliyemvuta. Yule mwenye ziwa hakuwepo hata karibu. Alishuka mwenyewe kwa miguu yake, akachukua kasia lake, akaliweka bega la kushoto, akaenda zake ndani ya ule mji bila kugeuka nyuma. Juu mwanamke akatoa mkono majini, akaufungua, mna maji tu. Basi. Maandishi yakaja, taa zikawaka, watoto wakaanza kulia wanataka karanga.

Mnaelewa? Angekuwa amefia kule chini, ningesema. Naapa ningesema. Angekuwa ameshikwa, amefungwa kamba, amemezwa na joka, ningerudi nikasema dada, hakupanda, tukamzike. Lakini alirudi mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimebeba masikioni maneno ya bombani, ya yule mwanamke wa Kisumu. Kutoka mjini mpaka zahanati nilitembea naupanga mwisho ule kila namna, na kila namna ulisema neno moja: hakutaki.

Dada alikuwa kwenye benchi ya nje, Maningu amelala kifuani, ameshachomwa sindano, jasho linamtoka. Alinitazama kabla sijafika. “Alipanda?”

“Alipanda.”

“Wote wawili wakashikana?”

“Wakashikana, akamvuta, akatoka.”

“Akatoka akafanya nini?”

Mtu akishasema uongo wa kwanza, wa pili unakuja na miguu yake. “Akakaa ufukweni,” nikasema. “Maji yanamchuruzika kwenye ndevu.” Yule wa kwenye picha hakuwa na ndevu. Bwire alikuwa nazo. Dada akainamisha uso kwenye kichwa cha mtoto, mabega yakamtikisika, na mimi nikasimama pale kwenye jua, nina miaka kumi na sita, najiona nimempa mtu zawadi.

Mzee Magesa alikuja Alhamisi na koti lake. Dada alimpa uji, akapiga magoti, akasema, “Baba, hapana.” Hakueleza la picha. Alisema tu, “Nimeonyeshwa kwamba yuko.” Mzee hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alinigeukia mimi. “Na wewe, mdogo wake? Umeonyeshwa nini?” Nikasema, “Yuko, baba.” Akanitazama mpaka nikaangalia chini. “Haya,” akasema. “Ninyi ni wawili, mimi ni mmoja na nina basi la kuwahi.” Uani alimwekea mkono Maningu kichwani, kwenye zile nywele za kuzaliwa, akaondoka. Mwezi ule wakahama. Niliambiwa ng'ombe waliingia kwenye migomba wiki hiyohiyo, na mvua mbili baadaye hakuna aliyeweza kuonyesha kaburi la nani liko wapi. Mzee naye alizikwa kijiji kipya, peke yake, mbali na babu zake.

Mimi niliolewa Butimba, nikawazaa wazazi wenu, nikasoma kisomo cha watu wazima, nikajua kuandika haya. Dada alihamia Kigongo, pale kivukoni, akafungua banda la chai na sato wa kukaanga. Watu walisema amefuata biashara. Alifuata kivuko. Banda lake lilitazama maji, na kila kivuko kilipofika kutoka Busisi aliweka birika chini na kuwaangalia wote wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, ndipo akaendelea kumimina. Wateja walizoea. Alipata wanaume wawili wa kumwoa, watu wazuri, mmoja mwalimu. Akawaambia ana mume. Maningu alikua, akawa fundi wa injini, akaoa, na shuleni kila alipoulizwa baba yako yuko wapi alijibu alichofundishwa: amesafiri.

Na kila nilipokwenda kumwona, tukishakula, akishaosha vyombo, alikaa karibu yangu akasema, “Hebu nisimulie tena alivyopanda.” Nilisimulia. Mwaka huu naongeza rangi ya shati, mwaka ule naongeza alivyokohoa maji, alivyouliza mtoto yuko wapi. Yule mtu niliyemtunga mimi akawa na nyama kuliko yule wa kwenye picha, kuliko Bwire mwenyewe. Nikilala, aliyekuja ni yule mwingine, wa kweli, aliyevifunga vidole vya mke wake kimoja kimoja. Alikuja hana haraka. Mpaka leo sijatia mkono kwenye maji ya ziwa. Nachota kwa kata, na mkichelewa kuniletea kata nakaa na kiu. Mnapowasha yale mapicha yenu na mtu wa kuchorwa akageuka kuondoka, naondoka kabla yake.

Dada alipougua sana nilikaa naye Kigongo siku tisa. Siku ya saba, mchana, ameegemezwa kwenye mito, alikunywa supu vijiko vitatu, akasema, “Nisimulie.” Nikaweka bakuli chini. Nilisema moyoni, leo, Nyangeta, leo ndiyo mwisho wako wa kusema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile, ngazi ya kwanza, ya pili, mikono, ufukwe. Kilijisema chenyewe. “Na maji yanamchuruzika kwenye ndevu,” akanimalizia yeye, amefumba macho. “Ndiyo, dada.” “Mbona anachelewa, basi?” akauliza. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayeangalia saa. Aliondoka siku ya tisa, kivuko kikiwa katikati ya maji.

Ninyi mlikuwepo mazishini, lakini wengi mlikuwa jikoni na kwenye maturubai, hamkuyasikia. Vijana walikuwa wameshachimba nyuma ya nyumba yake, kaburi moja, zuri, wamekaa kwenye kifusi wanavuta pumzi. Maningu alikuwa amesimama pembeni, mtu wa miaka zaidi ya hamsini, mvi zimemuingia. Nikamwita mbele yao wote, maana uongo niliusema mbele ya mtu mzima na ukweli nao niuseme mbele ya watu. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Nikamwambia, “Mama yako alinituma macho, nikamletea mdomo. Hakupanda.”

Kuku walipita kati yetu. Halafu akauliza, “Mama mdogo, kwa hiyo mimi baba yangu alikufa lini?”

“Kabla hujajua kumwita.”

“Na nilikuwa nikisema amesafiri.”

“Ulisema nilivyokufanya useme.”

Hakunitukana. Aliinama akaokota jembe lililokuwa karibu, akalishika tu, hajui alifanyie nini. Mmoja wa wale vijana akataka kulipokea, akisema kazi imekwisha, Bibi, tusubiri padri. Ndipo nikageukia watu wa nyumba yangu waliokuwepo pale, wakubwa kwa wadogo, nikawaagiza hivi: “Kazi haijaisha. Chimbeni la pili kando ya hili, urefu wa mwanamume. Wewe nenda kwenye ile migomba, kata shina lililonyooka, ulilete na shuka nyeupe, na mtu asilibebe kama kuni. Na mmoja wenu alete wembe na maji, mtoto huyu anyolewe.”